Mtoto Mmoja, Wadai Wawili

Katika nchi ya Marekani mtu mwenye kipato hutakiwa ajaze karatasi yake ya kodi na kuipeleka Serikalini kabla ya tarehe 15 Aprili kupita. Katika karatasi hiyo pana mahali pa kuandika majina ya watoto wanaomtegemea. Mahali penyewe ni padogo, mistari michache tu, lakini ugomvi wa wazazi walioachana, ambao hakimu alidhani ameumaliza siku alipoitia sahihi hati ya talaka, hufufuka hapo mwaka baada ya mwaka. Baba amwandika mtoto. Mama naye amwandika mtoto yule yule. Na Serikali, ambayo haitoi nafuu mbili kwa mtoto mmoja, yapaswa kusema nani amesema kweli.

Msomaji wetu aweza kuuliza: sisi yatuhusu nini hayo? Kwetu Tanzania mfanyakazi hukatwa kodi katika mshahara wake kila mwezi, na kodi hiyo haimwulizi ana watoto wangapi wala wanalala wapi. Ndoa ikivunjika, linalobaki mbele ya hakimu ni nani akae na mtoto na nani atoe matunzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemwekea baba wajibu wa kumtunza mtoto wake hata kama mtoto yuko mikononi mwa mtu mwingine. Ofisi ya kodi haimo katika shauri hilo. Lakini ndugu zetu wengi wa Afrika ya Mashariki na wa Kongo wamekwisha hamia Marekani. Wako katika maghala, katika nyumba za kutunzia wazee, katika udereva wa malori ya masafa marefu. Ndoa zao nazo huvunjika kama za watu wengine. Hapo ndipo wanapoingia katika ofisi ya kodi na dhana waliyotoka nayo nyumbani, kwamba mwenye kutoa fedha za matunzo ndiye mwenye haki ya kumwandika mtoto. Wamarekani wenyewe maelfu kwa maelfu wanayo dhana hiyo hiyo. Nayo si kweli.

Sheria ya Marekani haimwulizi mzazi ametoa fedha kiasi gani. Inauliza mtoto amelala wapi. Mzazi ambaye mtoto alilala kwake usiku mwingi zaidi katika mwaka ndiye anayehesabiwa kuwa mzazi mlezi, awe baba awe mama, awe alifunga ndoa na mwenziwe au hakufunga. Mwaka una siku 365. Basi mwenye usiku 183 amemshinda mwenye 182. Mtoto akienda kulala kwa rafiki yake, usiku ule huhesabiwa kwa mzazi ambaye angekuwa kwake laiti asingalikwenda. Mwaka mrefu kama ule wa 2024, wenye siku 366, waweza kugawanyika sawasawa, 183 kwa 183. Na hapo sheria inatoa jibu ambalo sisi hatulipendi hata kidogo: mtoto huhesabiwa kuwa wa mzazi mwenye kipato kikubwa zaidi. Kwa nini mizani ikikaa sawa iinamie upande wa tajiri? Hatukuona sababu, ila ni kwamba kipato ni namba, na namba ni rahisi kuisoma.

Tuseme pia lililo jema. Waliotunga kanuni hizo hawakuwasahau wafanyakazi wa zamu ya usiku. Mama anayewauguza wazee wa watu tangu jioni hadi alfajiri, ilhali mtoto wake amelala kwa baba, angalihesabiwa hana mtoto kama usiku peke yake ungalitazamwa. Basi kwa mzazi wa namna hiyo huhesabiwa siku badala ya usiku. Twawaambia ndugu zetu jambo hili kwa makusudi, maana wengi wao ndiyo zamu wanayoifanya, na kifungu hicho si watu wengi wanaokijua.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Ilikuwa sheria ya mwaka 1917 iliyoanza kumfikiria mwenye watoto: dola 200 za kipato chake kwa kila mtoto hazikutozwa kodi. Kwa miaka mingi baadaye mdai alitakiwa athibitishe kwamba yeye ndiye aliyetoa zaidi ya nusu ya gharama za mtoto. Hebu fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo kwa watu wawili wasiosalimiana. Baba analeta stakabadhi za viatu na za daktari. Mama analeta hesabu ya maziwa, ya kodi ya chumba, ya umeme wa taa ambayo mtoto huisomea. Baba anasema kitanda nilikinunua mimi. Mama anasema chumba kinapokaa kitanda nakilipia mimi. Na karani, mtu wa tarakimu, amekaa katikati akikadiria thamani ya kitanda kilichotumika miaka mitatu. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilijaribu kulainisha mambo: mtoto awe wa anayekaa naye, isipokuwa mwenzake awe ametoa dola 600 na hati ya talaka imempa haki hiyo, au awe ametoa dola 1,200 na mlezi asiweze kuonyesha kwamba yeye ametoa zaidi. Badala ya kuuzima ugomvi, sheria hiyo iliupa vipimo vipya vya kugombania. Hatimaye, kwa sheria ya mwaka 1984 iliyoanza kutumika mwaka 1985, Bunge lilichoka. Likaona kwamba Serikali inatumia fedha na makarani wengi kuamua mashauri ambayo yenyewe haina faida nayo, kwa kuwa kodi italipwa na mmoja au na mwingine. Stakabadhi zikawekwa kando. Mtoto akawa wa yule anayekaa naye, mpaka huyo mwenyewe atie sahihi kumwachia mwenziwe.

Karatasi ya kutiwa sahihi inaitwa Fomu 8332, na ni vema msomaji mwenye ndugu kule aikariri namba hiyo. Ni ukurasa mmoja tu. Mlezi huandika jina la mtoto, mwaka anaouachia, na sahihi yake. Mwenziwe huiambatanisha na karatasi yake ya kodi. Bila fomu hiyo baba aliyetoa matunzo miaka kumi pasipo kukosa hata mwezi mmoja hana lake mbele ya ofisi ya kodi. Wala hawezi kujitetea kwa kusema kwamba matunzo hayo yamempunguzia kipato, maana matunzo ya mtoto hayapunguzi kodi ya anayeyatoa, kama vile yasivyotozwa kodi kwa anayeyapokea.

Kwamba watoto walikuwa wakiandikwa mara mbili si maneno ya uvumi. Sheria ya kodi ya mwaka 1986 ilidai kila mtoto aliyetimiza miaka 5 aandikwe pamoja na namba yake ya Hifadhi ya Jamii, yenye tarakimu tisa. Hesabu za mwaka 1987 zilipokusanywa, watoto wapatao milioni 7 walikuwa wametoweka katika nchi nzima bila tauni wala vita. Baadhi yao hawakupata kuzaliwa. Wengine walikuwa hai na wazima, ila walikuwa wakihesabiwa kwa baba na kwa mama pia. Siku hizi kompyuta huona mara moja. Mzazi wa kwanza kupeleka karatasi yake hupokelewa. Wa pili hukataliwa, hata kama yeye ndiye mlezi wa kweli. Mpaka juzi juzi alilazimika kupeleka karatasi kwa posta. Tangu msimu wa mwaka 2025 mwenye namba maalum ya siri kutoka ofisi ya kodi aweza kupeleka kwa kompyuta hata akiwa wa pili. Baadaye barua hutumwa kwa wote wawili, ikiwataka wajisahihishe wenyewe. Ikiwa hakuna anayerudi nyuma, ndipo uchunguzi unapoanza. Mfalme Sulemani alikuwa na mtoto mbele yake na mama wawili wa kutazamwa nyuso zao. Karani wa kodi ana tarakimu tisa, na nyuso hazioni.

Je, kinachogombaniwa ni kitu gani hasa? Zamani kilikuwa kiasi cha kipato kisichotozwa kodi. Sheria ya mwaka 2017 ilikifuta kiasi hicho tangu mwaka 2018, na badala yake ikaipandisha nafuu ya mtoto, ambayo hutolewa katika kodi yenyewe, kutoka dola 1,000 hadi 2,000. Sheria ya mwaka 2025 imeifikisha dola 2,200 kwa kila mtoto ambaye mwaka ukiisha hajatimiza miaka 17. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo hizo ni fedha za kutengeneza gari linalompeleka kazini, au kulipa kodi ya nyumba aliyochelewa nayo. Watu hawapigani bure.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa kuwa maneno matupu hayatoshi. Mama anaishi na mtoto mmoja na mwaka 2025 amepata mshahara wa dola 24,000. Baba anaishi peke yake na amepata dola 48,000. Mama, kwa kuwa ni mkuu wa kaya, haguswi na kodi katika dola 23,625 za kwanza; basi kodi yake haifiki hata dola 40. Akimwandika mtoto, nafuu inafuta kodi hiyo, kisha anarudishiwa fedha taslimu, lakini sheria imeweka kikomo kwamba zisizidi dola 1,700. Kwa jumla anapata kama dola 1,738. Baba kwa upande wake anadaiwa kodi ya zaidi ya dola 3,600. Akimwandika mtoto yule yule anapata dola 2,200 kamili. Mtoto ni mmoja, tumbo lake ni moja, lakini kwa baba mwenye mshahara maradufu ana thamani ya dola 462 zaidi kuliko kwa mama anayeamka naye asubuhi. Na mama asiyekuwa na mshahara kabisa hapati kitu, maana marejesho hayo huanza kuhesabiwa baada ya dola 2,500 za kwanza za mapato ya kazi.

Kutokana na hesabu kama hizo mawakili huwaambia wazazi: mwachie baba, naye akupe sehemu. Hatusemi kwamba shauri hilo ni baya siku zote. Wazazi wanaosikizana, na wanaoandikiana vizuri, waweza kweli kupata fedha zaidi kwa pamoja kuliko kila mmoja kuvuta kwake. Lakini tumeona kwamba mara nyingi mapatano haya hufanywa siku ya talaka, mama akiwa na haraka ya kumaliza shauri, wakili wa upande wa pili akiwa hodari kuliko wake, na sahihi ya Fomu 8332 ikatupwa mezani kama nyongeza: wewe chukua gari, mimi nichukue mtoto wa kodi. Twasema wazi kwamba hapo sheria imekosea. Ilimpa nafuu mlezi kwa kuwa mtoto analala kwake, na hilo ni jambo la haki, kwa maana anayelala na mtoto ndiye anayeamka akiugua. Kisha ikaigeuza nafuu ile ile kuwa bidhaa, na bidhaa huenda kwa mwenye nguvu ya kununua.

Jambo moja linampunguzia mama hasara, nalo halijulikani kama inavyostahili. Fomu 8332 haihamishi kila kitu. Daraja la mkuu wa kaya hubaki kwa mlezi. Nafuu ya gharama za kumlea mtoto wakati mzazi yuko kazini hubaki kwa mlezi. Na kubwa kuliko yote, nafuu ya wafanyakazi wenye mapato madogo hubaki kwa mlezi. Hiyo kwa mwaka 2025 yaweza kufika dola 4,328 kwa mwenye mtoto mmoja, na mama wa mfano wetu atapata zaidi ya dola 4,200 hata baada ya kutia sahihi. Wako mama wanaotia sahihi wakadhani wameachia vyote, wasidai kilichobaki. Wako na baba wanaopokea fomu wakadhani wamepewa vyote, wakajaza nafuu hizo nyingine nao. Ofisi ya kodi ikimwona mtu amedai nafuu ya mtoto au ya mapato madogo kwa kutojali sheria, yaweza kumfungia asidai tena miaka miwili. Ikithibitika ni udanganyifu, miaka kumi.

Sasa tuseme habari ya baba aliyedhulumiwa, kwa maana na yeye yuko. Mwaka 2012 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua shauri la baba mmoja ambaye mahakama ya jimbo ilikuwa imeamuru kwamba mama ampe sahihi kila mwaka ambao amelipa matunzo yote. Baba alilipa yote. Mama hakutoa fomu. Baba akaambatanisha amri ya mahakama, ambayo mama mwenyewe alikuwa ameitia sahihi, akidhani kwamba maandiko ya hakimu hayawezi kushindwa na fomu ya ukurasa mmoja. Yakashindwa. Mahakama ya Kodi ilisema kwamba amri ile ilikuwa na sharti, ‘akilipa matunzo’, na Bunge lilitaka tamko lisilo na sharti, ili karani asilazimike kwenda kuchunguza kama matunzo yamelipwa au hayakulipwa. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Na hati za talaka zilizotolewa baada ya mwaka 2008 hazikubaliwi kabisa kuwa badala ya fomu, hata zikiwa hazina sharti.

Baba wa namna hiyo ana njia moja tu: arudi katika mahakama ya jimbo iliyotoa amri, amshitaki mama kwa kuidharau. Njia hiyo ipo, lakini wakili halipwi kwa maneno, na shauri laweza kula zaidi ya dola 2,200 kabla halijasikizwa. Twaelewa kwa nini Bunge lilitaka mambo yawe wazi. Lakini uwazi ambao gharama yake inabebwa na yule aliyetimiza wajibu wake una kasoro, na hatuoni kwa nini mahakama ya jimbo ikitoa amri isiweze kutoa na fomu yenyewe kwa niaba ya anayekataa.

Mambo yalichanganyika zaidi mwaka 2021. Hakimu wengi hugawa miaka: mwaka unaogawanyika kwa mbili ni wa baba, usiogawanyika ni wa mama. Mwaka huo Serikali ya Marekani iliipandisha nafuu kwa muda, ikawa dola 3,600 kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 na 3,000 kwa mkubwa wake, na kuanzia Julai hadi Desemba ikaipeleka nusu yake kwa wazazi mwezi kwa mwezi. Ikampelekea nani? Aliyemwandika mtoto katika karatasi ya mwaka 2020, yaani mzazi wa mwaka uliokwisha, si wa mwaka uliokuwa ukiendelea. Baba akapokea fedha za zamu ya mama. Mama alipojaza karatasi yake alipata haki yake kamili, na baba akatakiwa arudishe, isipokuwa wenye kipato kidogo waliosamehewa. Wengi walikuwa wamekwisha zitumia.

Tulisema kwamba ndugu zetu wamo katika habari hii. Wako wanaoingia kwa mlango mwingine. Baba yuko Marekani, mtoto amebaki Tanga au Kigoma kwa mama yake au kwa bibi, na kila mwezi baba anapeleka fedha za ada, za sare na za chakula. Huyo hana ugomvi na mtu. Anamtunza mtoto wake kwa moyo wote. Lakini sheria inasema mtegemezi awe raia wa Marekani au mkazi wa huko, au wa Kanada, au wa Mexico. Mtoto asiye raia anayelala Kigoma hamo, hata kama kila kijiko cha uji wake kimelipwa kwa jasho la ghala la Marekani. Wako walioshauriwa na wajazaji wa karatasi wasio waaminifu wawaandike watoto hao kana kwamba wanaishi nao. Tunawasihi wasifanye hivyo. Mtu asiyekuwa raia ana zaidi ya kodi ya kupoteza.

Kwa yule anayeishi na mtoto kule, tunaona yafaa ayafanye mambo mawili. Awe na daftari ya siku ambazo mtoto alilala kwake, na aweke barua za shule na za daktari zinazoonyesha anuani ya mtoto, kwa kuwa barua ya ofisi ya kodi ikija, hizo ndizo zitakazotazamwa. Na akiombwa atie sahihi Fomu 8332, asiitie kwa miaka yote ijayo kwa mara moja, ingawa fomu inaruhusu. Aitie kwa mwaka mmoja mmoja. Sahihi ya miaka mingi hufutika, lakini si papo hapo. Mlezi anayetaka kuifuta kwa mwaka 2027 sharti awe amempa mwenziwe taarifa kabla mwaka 2026 haujakwisha.